Nachora bila kupanga, siku nyingine inatoka, siku nyingine tope tupu

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi rangi wa nyumba hapa Mtwara, nina miaka 31, uchoraji sijasomea popote. Miaka mitatu sasa nachora picha ambazo si za kitu, yaani hakuna mtu wala nyumba wala twiga, ni rangi na mistari tu. Nalaza silingi bodi uani, nachukua rangi zilizobaki kazini, ya maji na ya mafuta, naanza popote mkono unapotaka, sipangi. Siku nyingine inatoka picha mpaka mwenyewe nashangaa, siku nyingine nashinda kutwa nzima naishia tope la kahawia, na sijui hata nisimame wakati gani. Nimeuza mbili, moja imeanza kubanduka, mteja kanitumia picha nikaona aibu. Mjomba wangu anasema nacheza, eti nijifunze kwanza kuchora mtu akafanana ndo nijiite msanii. Watu wakiniuliza maana yake nini nakosa jibu. Mke wangu naye anasema kuna sehemu nasema nimeweka kijani yeye anaona kahawia. Na rafiki yangu kanishauri juu nipake mafuta ya maganda ya korosho kama vanishi, maana huku ni ya bure. Swali langu: hii ya kuchora kwa hisia ni njia kweli au najidanganya? Niende kusoma? Nimekuwekea picha nne uone."*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma jana usiku, na zile picha leo asubuhi nimezifungua kwenye kompyuta ya kijana wangu maana kwenye simu rangi zinadanganya. Nikikuelewa vizuri, hasa hasa unachoogopa ni kwamba zile zinazotoka vizuri zimetoka kwa bahati, na bahati siku ikikata utabaki na makopo matupu na mjomba anacheka. Hiyo hofu naijua. Ila umeichanganya na vitu vingine ambavyo havihusiani nayo kabisa, na tusipovitenganisha utaendelea kujilaumu kwa kukosa kipaji wakati tatizo ni kopo.

Tuanze na kubanduka, kwa sababu ndo kunakotia aibu na ndo rahisi.

Ile picha aliyokutumia mteja nimeikuza mpaka mwisho. Kipande kilichotoka kimetoka kizima kama ganda la kitunguu, kimejikunja pembeni, na chini yake kuna bluu inang'aa safi kabisa, haijashika hata alama ya ile nyeupe ya juu. Hapo sihitaji hata kukuuliza. Bluu ni rangi ya mafuta na nyeupe uliyoweka juu ni rangi ya maji. Sasa we ni fundi, mtu akikuita chumba chake kina rangi ya mafuta na anataka rangi ya maji utampakia juu kwa juu? Hupaki. Unapiga msasa kwanza mpaka ule ung'ao uondoke, unapaka praima, ndo unaendelea. Kazini unalijua hilo hata ukiamshwa usiku wa manane. Ukifika uani kwako unalisahau, kwa sababu umejiambia hapa nachora kwa hisia. Hili neno hisia tutalirudia.

Kinachotokea ni hivi. Rangi ya maji ni chembe ndogo ndogo sana za kama plastiki zinazoelea kwenye maji, maji yakiondoka chembe zinasogeleana zinabanana zinakuwa utando mmoja, na huo utando unahitaji sehemu yenye vitundu vya kujishikiza, kama plasta au mbao. Rangi ya mafuta tabia yake nyingine kabisa. Thina, ile ya kulainishia rangi, inaruka kwanza, halafu mafuta yaliyobaki yanavuta oksijeni kwenye hewa na kugeuka magumu taratibu, ukigusa kesho unasema imekauka kumbe ndani kazi inaendelea wiki kadhaa. Ikishakauka uso wake ni kama sahani ya bati, laini, hauna pa kushika. Ukiweka rangi ya maji hapo imekaa tu, haijashika, siku hewa ikibadilika inaachia. Kinyume chake kinakubali, yaani maji chini ikauke kabisa, mafuta juu, na ukishapanda kwenye mafuta usirudi tena kwenye maji mpaka upige msasa na praima. Ukiona hiyo inakubana chagua moja tu ufanye nayo kila kitu, hamna dhambi.

Kitu kingine, rangi ya mafuta usiimwage nene. Kwenye picha yako ya pili kuna sehemu imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Juu imeshika ngozi kwa sababu ndo panapopata hewa, chini bado mbichi, ile ngozi ikawa inatanuka ikakosa pa kwenda ikajikunja. Huku kwetu kuanzia Desemba mpaka Aprili hewa ni nzito, mvua na joto, kila kitu kinachelewa kukauka. Mi kazi zangu za mafuta nazifanya zaidi Juni mpaka Agosti, kusi linavuma na hewa ni kavu kidogo. Na sikuambii haya kama mtu aliyezaliwa anayajua, niliwahi kuuza picha ya mita moja na nusu kwa nyumba moja ya wageni, nilipaka haraka haraka kwa sababu walikuwa wanafungua, miezi minne baadaye nimepita pale kunywa chai nakuta kipande cha picha yangu kiko sakafuni kando ya beseni la maua, mhudumu amekifagia. Nilirudisha nusu ya hela. We wako mpigie mwambie ukweli, mchukulie umrekebishie au umpe nyingine, wateja wa picha kwa huku kusini ni wachache na wanaongea.

Silingi bodi nayo inapinda kwa sababu unapaka upande mmoja, ule wa nyuma unaendelea kunywa unyevu wa pwani unavimba, wa mbele umezibwa. Paka nyuma na kingo zote hata kwa rangi mbovu mbovu iliyochanganyika. Hadibodi ni bora zaidi ukipata. Ila nikuombe kitu kimoja: kama hizo bodi unaziokota kwenye nyumba za zamani zinazobomolewa, zile ngumu za kijivu kama saruji, usizikate wala kuzipiga msasa, nyingine zina asbesto na vumbi lake linaingia kwenye mapafu na halitoki.

Na mafuta ya maganda ya korosho, hapana. Waulize kina mama wanaobangua kwa mkono kwa nini wanapaka majivu vidoleni. Yale mafuta yanababua ngozi, ukipata kwenye jicho ni balaa. Viwandani kweli yanaingia kwenye vanishi na hata kwenye breki za magari, lakini yanapitia kiwanda kwanza, siyo kutoka kwenye kikaango cha uani. Isitoshe yatageuza picha yako yote kahawia, na kahawia unayo ya kutosha.

Sasa hisia.

Watu wengi, mjomba wako akiwemo, wanadhani kuna wachoraji wanaojua na wachoraji wanaohisi, kama makabila mawili. Na we mwenyewe ukiandika "sipangi" unaandika kama mtu anayekiri kosa. Ngoja nikupeleke Newala. Nilikaa siku mbili kwa mzee mmoja mchongaji, hana daftari, hana kalamu, hachori kitu kwenye gogo kabla ya kuchonga. Alikuwa na kipande cha mpingo kimepinda kama goti. Asubuhi nzima alikigeuza. Anakisimamisha, anakilaza, anapitisha kucha kwenye ufa, anakwangua kidogo aone ule weupe wa nje umeenda mpaka wapi na weusi unaanzia wapi, maana mpingo nje ni mweupe na moyo wake ndo mweusi. Mi nimekaa pale nasubiri tezo, nachoka. Mchana akaanza, na alipoanza mkono haukusimama, ndani ya saa mbili tu umbo limeshatoka. Ningefika mchana ningerudi nawaambia watu mzee yule anachonga kwa hisia, hapangi. Na isingekuwa uongo, ila ningekuwa nimekosa asubuhi yake na miaka yake 40 ya kujua mpingo unakataa wapi.

Hiyo ndo hisia ninayoijua mimi, kwamba ujuzi umeshuka kutoka kichwani umeingia mkononi kiasi kwamba hauutaji tena kwa majina. We unayo tayari, unajua rangi inavyobeba, brashi ikiwa na rangi nyingi inadondosha wapi, rola ikikauka inaacha alama gani. Hujui kama unajua, ndo maana hujaitegemea.

Inasimuliwa kuhusu Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde, kwamba miaka ya 1950 sanamu ilimvunjika mkono akiwa kazini, badala ya kuitupa akaigeuza ikawa kiumbe wa ajabu mwenye mkono mmoja, na hapo ndo ukaanzia ule mtindo wa mashetani unaouona mpaka leo kwenye maduka ya vinyago. Watu wanaisimulia kama hadithi ya bahati. Mi naona ajali ilitokea mara moja, lakini aliyeweza kuona kwamba hiki kilichovunjika kina kitu ni jicho la mchongaji. Mwingine angekuwa amepata kuni.

Wazungu nao wana hadithi hiyo hiyo upande wao. Jackson Pollock wa Marekani kuanzia 1947 alikuwa analaza turubai la kuchorea chini kama unavyolaza wewe, anazunguka anadondosha rangi, na kwa taarifa yako nyingi zilikuwa rangi za mafuta za kawaida za kupaka nyumba. Mwaka 1950 jarida moja likaandika kana kwamba ni vurugu tu, akajibu kwa telegramu kwa hasira akikataa. Na huyo alikuwa amesoma, alifundishwa New York na mchoraji wa watu na mashamba. Mrusi Wassily Kandinsky ambaye watu wanamtaja kama baba wa picha zisizo na kitu, mwaka 1913 alitengeneza majaribio zaidi ya 30 kwa ajili ya picha moja kubwa, halafu picha yenyewe akaimaliza kwa siku kama nne hivi. Siku nne! Ukiona zile nne peke yake utasema huyu jamaa ana upako. Sikuambii ufanye majaribio 30, na sikuambii hawa ndo kipimo chako, nakuonyesha tu kwamba "sipangi" ya watu mara nyingi ina asubuhi yake iliyofichwa.

Kwa hiyo njia yako ni njia. Ila kuna kitu kwenye picha zako unakiita hisia na mi naona siyo. Zipange zote nne ukutani. Angalia kona ya chini kulia. Zote nne zina mviringo mkubwa unaoanzia hapo na kupanda kuelekea kushoto, upana ule ule, hata kasi ni ile ile. We utasema ndo roho yangu inavyotaka. Mi nasema ndo bega lako linavyotaka. Unatumia mkono wa kulia, bodi iko chini, unasimama upande mmoja tu, pengine kwa sababu upande wa pili kuna ukuta au karo la kufulia, na mkono wa mtu aliyeinama ukitupwa unachora hilo duara, wangu pia unachora hilo. Hayo ni mazoea, na mazoea yana tabia ya kuvaa nguo za hisia, kwa sababu yote mawili yanakuja bila kuitwa. Yanatofautishwa kirahisi tu: kitu kikijirudia bila kujali rangi, siku, wala unavyojisikia, hicho ni mwili unarudia njia yake kama ng'ombe anayerudi zizini. Wiki ijayo vuta bodi katikati ya uwanja uizunguke, anza na mkono wa kushoto, siku nyingine weka brashi chini kabisa utumie kifuu cha nazi, kipande cha kamba, ufagio wa chelewa. Zitatoka mbaya. Acha zitoke mbaya, tunatafuta tu kuona mkono ukinyimwa njia yake utaenda wapi.

Tope sasa. Tope lina sababu mbili kwako na pengine tatu.

Ya kwanza ni rangi zenyewe zinavyofanya kazi. Rangi haiongezi mwanga, inakula. Nyekundu ni nyekundu kwa sababu imekula mwanga mwingine wote ikakurudishia nyekundu. Ukichanganya na kijani, hiki nacho kinakula kile ambacho nyekundu ilikuachia, unabaki na kidogo sana, na hicho kidogo ndo kahawia. Bluu na rangi ya chungwa vivyo hivyo, njano na zambarau vivyo hivyo. Rangi mbili zinazopingana hivyo zikiwekwa kando kando zinapigana vizuri, kila moja inaifanya nyingine iwake zaidi, Mfaransa mmoja anaitwa Chevreul aliliandika hilo tangu 1839 baada ya kuhangaika na nyuzi za mazulia. Ukizikoroga zinauana. Na we hukorogi kwenye kopo, unakoroga kwenye picha, mbichi juu ya mbichi, saa sita mfululizo. Usipoacha kitu kikauke kahawia ni lazima. Siyo kipaji kimekukimbia.

Jaribu hivi: siku ya kwanza kopo tatu tu. Moja nzito karibu na nyeusi, moja nyepesi karibu na nyeupe, moja kali. Nyingine zifungie ndani mke wako akae na ufunguo. Halafu ukiwa katikati ya kazi piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kila mahali ni kijivu kile kile, basi shida yako siyo rangi, ni kwamba hamna giza wala mwanga, na macho hayana pa kushika. Picha yako ya nne nimeifanyia hivyo, ni kijivu kama mawingu ya masika. Ya tatu nimeifanyia hivyo, ikasimama. Kuna ule mweusi unaokatiza katikati na ukanda mwembamba wa nyeupe pembeni, hata bila rangi picha bado ipo. Ndo maana ulishangaa mwenyewe, jicho lako liliona, ni vile tu halina jina la lilichokiona.

Sababu ya pili ni kutosimama, naifikia.

Ya tatu ni mke wako. Usichukulie kwamba anakubishia. Wapo watu, wanaume zaidi ya wanawake kwa mbali, wanaozaliwa na macho yasiyotenganisha vizuri kijani na nyekundu na kahawia, na wengi wanafika utu uzima hawajui, wanashangaa tu kwa nini wenzao wanabishana nao kwenye nguo. Sisemi unalo, kwa barua huwezi kumpima mtu. Nenda kliniki ya macho waambie wakupime rangi, wana kitabu cha madoa madoa chenye namba katikati, ni dakika chache na hakiumi. Ukikutwa nalo uchoraji haujafa. Utaandika majina kwenye makopo, utaegemea zaidi giza na mwanga ambavyo unavyo vizuri, na mke wako utamtumia kama jicho la pili. Wapo wachoraji wanaoishi hivyo.

Na hospitali hiyo hiyo uende haraka zaidi kama ukishinda na thina unapata kichwa kinagonga, kizunguzungu au kichefuchefu kisichoisha ukitoka hewani. Umeandika unachora uani, vizuri, endelea uani hata mvua ikinyesha, usihamie chumbani wanapolala watoto. Na mikono osha kwa sabuni na mafuta ya kupikia, siyo petroli.

Kusimama lini. Hili ndo swali zuri kuliko yote uliyouliza na jibu lake sina kamili, naweza kukuambia ninavyofanya. Mkono na jicho havifanyi kazi kwa mwendo mmoja. Mkono ukishapata moto unakimbia, jicho linabaki nyuma, na kwa vile huwezi kuona unapokimbia unaendelea tu kwa sababu kusimama kunatisha. Kwa hiyo navitenganisha kwa nguvu. Nachora dakika 20, naweka brashi kwenye kopo, naenda kufanya kazi yenye maji, kuosha vyombo, kuchota, chochote. Nikirudi siishiki brashi, nakaa kwenye kigoda mbali hatua nane kumi hivi, naangalia muda ule ule niliochora. Naigeuza kichwa chini, naiweka ubavu. Huyo Kandinsky anasimulia kwamba jioni moja aliingia chumbani kwake akakuta picha nzuri mno asiyoitambua, kumbe ni yake mwenyewe imeegemezwa kwa ubavu. Ukiigeuza na ikaanguka upande mmoja kama mtumbwi ulioelemewa, utajua pa kuongeza uzito. Na dalili yangu ya kuacha ni hii: nikigundua kila ninachoweka sasa hivi kinarekebisha kile nilichoweka kabla yake, basi picha iliisha zamani na mi nimeanza kuipaka plasta. Hapo naigeuzia ukutani wiki nzima.

Mara nyingi utachelewa. Utaua picha nzuri kadhaa kabla hujajua kuacha, mi nimeua nyingi na moja bado inaniuma.

Mjomba wako nampa heshima yake, ila hajakamilisha hesabu. Bibi zetu wa Kimakonde walichanja nembo usoni, mistari na pembe juu ya pembe, alikuwepo aliyeuliza huyu ni nani mbona hafanani? Mkeka wa ukindu anaoukalia mjomba mwenyewe akila ubwabwa una rangi na mistari inayopishana, hauna twiga, na anajua kabisa upi umesukwa na fundi na upi umeungwaungwa. Kwa hiyo jicho la kupima kitu kisicho na sura analo, hajalielekeza tu kwenye silingi bodi yako. Na watu wa huku hawakusubiri shule, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza na hadibodi na rangi za mafuta za kung'aa, za kopo kama zako, na George Lilanga wa hapo Masasi aliyefariki 2005 alianzia kwenye uchongaji akaingia kwenye rangi, wote kazi zao zilivuka bahari.

Lakini kwenye moja yuko sawa, na usimwambie nimesema. Kuchora kitu kikafanana kunafundisha jicho kusubiri. Chora kikombe kila asubuhi dakika 10, kwa kalamu ya mkaa, bila kumuonyesha mtu, miezi mitatu. Huchori ili uje kuchora vikombe, unachora ili jicho lizoee kuona kabla mkono haujakimbia, na hilo ndo pengo lako.

Wakikuuliza maana, usitunge. Nimesikia wenzetu wanamwambia mgeni eti hii nyekundu ni damu ya mababu, na nyekundu ilikuwa ndo iliyobaki kwenye ndoo. Sema kilichotokea kweli. Nilianza na sauti za minada ya korosho, nilikuwa na rangi ya geti la mtu, nilipofika hapa nikaogopa nikasimama. Mtu akisikia hivyo anaanza kuangalia mwenyewe, na asiponunua basi.

Kusoma. Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na chuo kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa, na Dar kuna Nafasi Art Space ambako wasanii wanafanya kazi pamoja na huwa kuna mafunzo mafupi. Chuo kitakupa kuchora kwa nidhamu, historia, na kikubwa zaidi wenzako wa kubishana nao. Kitakunyima kipato cha miaka hiyo, na una familia, ada na sifa za kuingia waulize wao wenyewe usiamini maneno ya kijiweni. Pia nimeona vijana waliokuwa na mkono wa ajabu wakatoka wanachora kama mwalimu wao. Ningekuwa wewe nisingeacha kazi ya rangi mwaka huu, ningekusanya nauli nikaenda Dar wiki mbili tatu miezi ambayo kazi za nyumba zimepoa, nikaona watu wanavyofanya, nikarudi. Chuo hakitahama.

Na ukipata siku ya kuja Lindi pakia bodi mbili kwenye basi, ile iliyobanduka na ile ya tatu. Kubanduka na rangi tunaweza kumaliza kwa maandishi, lakini unavyosimama na unavyoshika brashi lazima mtu akuone. Ya tatu usiiguse mpaka hapo. Najua una mpango wa kuongeza kitu kwenye ile kona nyeupe juu kushoto, naona alama ya kidole ulipoanza ukaacha.